Ukara walibanana ardhi ikadumu, Usukuma kulikuwa na nafasi ardhi ikachakaa. Kwa nini?

Ticha wa Ramani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila matokeo ya sensa yakitangazwa, maneno ni yaleyale: tumekuwa wengi mno, ndiyo maana misitu inaisha na mito inakauka. Mwaka 1967 tulihesabiwa milioni 12.3, mwaka 2022 tukawa milioni 61.7. Hesabu siigombi. Ninachogombea ni hitimisho, maana ramani ya nchi hii haikubaliani nalo.

Chukua kisiwa cha Ukara kule Ukerewe. Wengi mlikisikia kwa mara ya kwanza Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 80 hivi, udongo ni wa kichanga usio na nguvu nyingi. Miaka ya 1960 palikuwa na watu zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa nchi nzima haukufika 15. Kwa hesabu za vijiweni, kisiwa kile kilitakiwa kubaki mawe matupu tangu enzi za Mjerumani.

Kumbe Wakara walikuwa na kilimo ambacho maofisa wa Kiingereza walikistaajabia na kukiandika tangu miaka ya 1930. Ng'ombe anafungwa ndani ya nyumba, kwenye shimo. Majani anakatiwa na kuletewa. Samadi inajaa shimoni, inatolewa, inabebwa kichwani hadi kwenye shamba la uwele. Katikati ya uwele wanapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, yakikua yanafukiwa yawe mbolea. Ufukweni walichimba vishamba vya kuoteshea nyasi za mifugo ndani ya unyevu wa ziwa. Kila mti una mwenyewe, hata majani yake yana mwenyewe.

Sasa ngoja niwape kilichonifanya nianzishe uzi. Wakara wengi walihamia bara, Geita na Usukuma, ambako ardhi ilikuwa tele. Walipofika huko wakaacha karibu yote. Hakuna shimo la ng'ombe, hakuna kubeba samadi, hakuna kufukia marejea. Watu walewale na ujuzi wao uleule! Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na pori mbele yao. Na walikuwa na akili zao timamu: kwa jasho lilelile la kutunza eka moja ya Ukara, bara unafyeka na kulima nyingi.

Hoja yangu basi ni hii. Ardhi haichakazwi na wingi wa watu wenyewe. Inachakazwa watu wanapokuwa na mahali pengine pa kwenda, au wanapokuwa hawana uhakika kwamba mwakani bado itakuwa yao. Karibuni mnipinge, ila kwa hoja.

---

Kijiwe cha Posta

Mwalimu umeandika vizuri ila Malthus, yule mchumi wa Kiingereza, alishamaliza hii kesi mwaka 1798. Watu wanazaana, ardhi haizai. Mengine yote ni hadithi za kisiwani. Naweka kambi hapa nione watakaokuja.

---

Ng'wana Mbuga

Ticha, mimi ni Msukuma wa Kwimba, kwa hiyo kichwa cha uzi kimenigusa kidogo. Kila mahali mto ukikauka tunatajwa sisi na ng'ombe wetu. Naomba niseme tulifikaje huko, maana wengine mnadhani tulizaliwa tukiwa tunahama.

Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka, tauni ya ng'ombe, ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu wote. Ng'ombe wakiisha, hakuna wa kula majani wala kukanyaga vichaka. Pori likarudi hadi mlangoni, wanyamapori wakarudi nalo, na mbung'o, inzi wanaoeneza malale, wakaja na wanyamapori. Eneo ambalo babu zetu walilichunga likawa la nagana, yaani malale ya ng'ombe, na malale ya watu. Halafu mkoloni alipokuja kulikuta pori lile akalichukulia kuwa ndiyo hali ya asili ya Afrika!

Miaka ya 1920 serikali ilianza kuwatoa watu kwa maelfu kufyeka vichaka Shinyanga ili kumfukuza mbung'o. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o, aliweka makao yake hapohapo Shinyanga. Na kweli mbung'o alirudi nyuma. Lakini tafakari: miti inakatwa kwa amri ya serikali, kwa miongo, kisha inakuja pamba inayotaka shamba jeupe, na hela ya pamba inanunua ng'ombe, maana benki nyingine ilikuwa wapi? Ng'ombe wanavuta plau, plau inalima eka nyingi zaidi, pamba inaongezeka, ng'ombe wanaongezeka. Ndani ya vizazi viwili nchi ikawa uwanja.

Kwetu mdogo wake babu alihamia Geita. Watoto wake wakaenda Tabora. Wajukuu wengine Usangu. Mmoja leo yuko Kilwa na ng'ombe wake. Kila aliyehama alikuwa anafuata majani, na nyuma yake kulikuwa na sababu ya kuondoka.

---

Ticha wa Ramani

Ng'wana Mbuga, umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Ona mnyororo wako ulivyo: ugonjwa wa ng'ombe unabadilisha mimea, mimea inaleta mdudu, mdudu anawahamisha watu, watu wanarudi na panga. Hakuna hatua hata moja ambapo unaweza kusema "hapa idadi ya watu peke yake ndiyo ilifanya kazi".

Na kuna kipande ambacho nadhani umekiruka, cha ngitili. Kwa wasiojua: Msukuma wa zamani alikuwa anatenga sehemu ya malisho, mvua zikinyesha haigusi, inabaki imefungwa hadi kiangazi kikali ndipo anaingiza ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Nyingine za familia, nyingine za kijiji. Sasa mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji. Kaya zikatolewa kwenye maboma yao zikapangwa barabarani. Ngitili zikabaki huko nyuma, mbali na macho ya mwenyewe. Kitu cha kila mtu ni cha nani? Zikachungwa, zikakatwa kuni, zikaisha.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimeandikwa hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni HASHI nao walifanya kama miradi yote ifanyavyo, vitalu vikubwa na miche ya kugawa, na matokeo hayakuwa ya kuvutia. Baadaye wakagundua kwamba chini ya ile ardhi iliyoonekana imekufa mizizi na visiki bado vilikuwa hai. Vinahitaji tu kuachwa. Wakawarudishia watu utaratibu wao wenyewe: dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, inakaa, inapanga sheria na faini, sungusungu wanalinda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 350,000.

Kijiwe cha Posta, katika kipindi hicho chote watu wa Shinyanga waliongezeka. Malthus anasemaje hapo?

---

Kijiwe cha Posta

Malthus anasema subiri kidogo 😂

Ila sawa. Nijibu hili: hao waliopona Shinyanga si ndio waliopeleka ng'ombe wao Rukwa na Mbeya? Ukiuhamishia uchafu kwa jirani, kwako lazima pawe pasafi.

---

Mrangi wa Haubi

Kijiwe ameuliza swali la maana kuliko anavyojua. Njooni Kondoa.

Vilima vya Irangi vilikuwa na makorongo ambayo ukisimama pembeni kizunguzungu kinakushika. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Wakachimba makinga maji, wakapanda miti, haikutosha. Mwaka 1979 wakachukua uamuzi ambao wazee wetu hadi leo wanausimulia kwa uchungu: mifugo yote itoke. Eneo la kilomita za mraba 1,256, mifugo kama 90,000. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Yote.

Ardhi ilipona? Ilipona, tena haraka. Majani yakarudi ndani ya misimu michache, makorongo yakaanza kuota, mchanga uliokuwa unashuka mabondeni ukapungua hadi watu wakaanza kulima chini kule palipokuwa mto wa mchanga tu. Aliyefika Haubi miaka ya 1970 na akarudi miaka ya 1990 hakuamini.

Lakini mifugo 90,000 haikuyeyuka. Mwenye ndugu mbugani aliipeleka huko, upande wa Kiteto na nyika ya Wamasai, wengine wakauza kwa bei ya kutupa. Maziwa yakawa adimu, samadi hakuna, jembe la kukokotwa hakuna. Waliolipia kupona kwa vilima ni watu ambao picha za kabla na baada haziwaonyeshi. Baadaye ndipo waliruhusu ng'ombe wa kufugia bandani, wa kukatiwa majani, yaani ule utaratibu wa Ukara uliouelezea mwalimu, ukaja kwetu kwa mlango wa sheria.

Kwa hiyo Ticha, nakubali hoja yako nusu. Kufunga mlango wa kutokea kunafanya watu watunze. Ila nani anaufunga, na anawaambia nini wenye ng'ombe siku hiyo?

---

Mkamba wa Mua Hills

Salamu kutoka Machakos, Kenya. Naona mnazunguka hadithi yetu bila kuitaja.

Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba nchi ya Wakamba inakwenda kuwa jangwa la mawe na mchanga. Tulikuwa watu kama 240,000. Kufikia karibu mwaka 1990 tulikuwa milioni 1.4 kwenye wilaya ileile, na mmomonyoko umepungua, miti imeongezeka. Utafiti mkubwa uliochapishwa 1994 ulipiga picha za sehemu zilezile zilizopigwa zamani na kulinganisha. Kilima kilichokuwa uchi kina matuta kutoka juu hadi chini. Fanya juu, mnaijua: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, mvua baada ya mvua shamba linajipanga ngazi lenyewe.

Nakuongezea kitu ambacho hujakitaja mwalimu: soko. Nairobi iko hapo tu. Kahawa ikaruhusiwa miaka ya 1950, matunda na mboga zikapata mnunuzi, na kijana anayefanya kazi mjini anatuma hela ya kuchimbia matuta. Matuta ni gharama! Mtu aliyefungiwa kilimani bila soko atabaki maskini kilimani. Na pia tusidanganyane, wengi wetu tulitoka kwenda Makueni na Yatta. Mlango ulikuwepo. Waliobaki nyuma ndio waliochimba matuta.

---

Ticha wa Ramani

Mkamba, soko naliongeza kwenye hoja bila ubishi. Hata vihamba vya Uchagani, yale mashamba yao ya nyumbani, visingedumu bila kahawa.

Mrangi, swali lako ni zito kuliko uzi wenyewe na sitaki kulijibu kwa haraka. Naomba kwanza nimsikie mtu wa Usangu, maana huko ndiko ng'ombe na lawama vilikokwenda pamoja.

---

Mama Majaruba

Nipo Mbarali, nalima mpunga. Nimesoma kimya kimya tangu juzi.

Kwanza muijue nchi yenyewe. Usangu ni bonde kame kiasi, mvua ya kutegemewa inanyesha milimani, Uporoto na Kipengere, inashuka kwa mito: Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera na wenzao. Yote inakusanyika Ihefu, kwenye tindiga, yaani kinamasi. Tindiga lina mdomo mmoja, Ng'iriama, na pale mdomoni kuna mwamba. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, Ruaha Mkuu unatiririka kwenda Hifadhi ya Ruaha na bwawa la umeme la Mtera. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa kiasi kidogo, mto unakatika. Haupungui taratibu, unakatika. Ndiyo maana kabla ya 1993 mto ulikuwa unapita mwaka mzima, na kuanzia hapo kiangazi viboko wanagombania madimbwi.

Mgao wa umeme ulipokuja, mijini wakauliza nani kamaliza maji ya Mtera. Jibu lililopatikana haraka ni mfugaji. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa kwa operesheni, wakapelekwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 Ihefu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha kwa lile Tangazo la Serikali namba 28 ambalo vijiji vyetu vimelalamikia miaka nenda rudi.

Ng'ombe wakaondoka. Mto ukaendelea kukauka.

Mimi si mfugaji, sina cha kuwatetea, mpunga wangu wameshaula. Ila ng'ombe anakunywa kiasi gani ukilinganisha na jaruba? Mpunga wa kumwagilia ulianzishwa huku na Mabaluchi, wahamiaji wenye asili ya Asia, kabla ya uhuru, ukawa mdogo mdogo, kisha yakaja mashamba makubwa ya serikali, Mbarali na Kapunga, halafu sisi wadogo tukajaa pembezoni mwa mifereji yao. Kila mtu ana banio lake la kuchepushia maji ya mto. Masika hakuna shida, maji ni mengi. Shida ni kiangazi, mpunga umeshavunwa lakini banio halifungwi. Wataalamu waliokuja kupima, wakiwemo wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walituonyesha hilo: mtoni kiangazi maji ni kidogo, na mifereji inachukua karibu yote.

Mtasema fungeni basi. Mfereji wenyewe ndio maji ya kunywa ya vijiji vilivyojengwa kando yake! Hakuna kisima. Mama anateka mferejini, watoto wanaoga mferejini, tofali zinafyatuliwa kwa maji ya mfereji. Ili ndoo zangu zijae, maji yanasafiri kilomita kwenye udongo, mengi yanapotelea njiani. Visima virefu vijiji vyote vingerudisha maji mengi mtoni kuliko operesheni yoyote ya ng'ombe. Lakini kisima hakipigwi picha na helikopta.

---

Ng'wana Mbuga

Dada Mama Majaruba, Mungu akubariki. Ndugu zangu waliokuwa Usangu walipoteza ng'ombe wengi njiani kwenda kusini. Tangu hapo sijasikia mtu wa mpunga akisema hivi.

---

Mpimaji

Mjue pia kwamba mlango bado uko wazi upande mwingine. Angalia sensa: mkoa wa Katavi ulikuwa na watu kama 565,000 mwaka 2012, mwaka 2022 umepita milioni 1.15. Umezidi mara mbili ndani ya miaka kumi. Kilimanjaro kwa miaka hiyohiyo ilitoka milioni 1.64 hadi 1.86 tu. Hizo si tofauti za kuzaa tu, ni watu wanaohamia na wanaotoka. Na msiwape lawama Wasukuma peke yao, Mishamo na Katumba kuna waliotoka Burundi tangu 1972, wengi wakapewa uraia, wamefungua mashamba yale kwa mikono.

Ila huko huko, wilaya ya Tanganyika, kuna vijiji vinavyolinda msitu wa Ntakata kwa sababu vinauza hewa ukaa na hela inakuja kijijini. Msitu una mwenyewe, na mwenyewe anaona faida akiwa hai. Hapo Ticha unapata pointi.

---

Ticha wa Ramani

Napokea pointi 😂

Mrangi, nimelifikiria swali lako. Kondoa mlango ulifungwa na serikali kwa amri, ardhi ikapona na watu wakaumia. Shinyanga ulifungwa na dagashida, polepole, kila mtu akijua ngitili ya nani iko wapi, na hakuna aliyetolewa. Usangu ulifungwa kwa operesheni, watu wakaumia na mto haukupona. Kwangu mimi tofauti inaanzia kwa aliyepima kabla ya kuamua. Usangu walimhukumu anayeonekana. Ng'ombe elfu moja barabarani wanaonekana, banio lililo wazi usiku halionekani.

Na Kijiwe alikuwa na haki ya kuuliza kuhusu uchafu kwa jirani. Safari ile ya ukoo wa Ng'wana Mbuga, Kwimba, Geita, Tabora, Usangu, Kilwa, ina mwisho. Baada ya Kilwa ni bahari. Kilombero, bonde linalotoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, nalo limeshajaa ng'ombe na mashamba, na chini yake tumejenga bwawa la megawati 2,115. Tutakuwa Ukara nchi nzima, tupende tusipende. Swali ni kama tutafika huko na samadi au na mabomu ya machozi.

---

Mwera wa Nachingwea

Mwalimu, samahani kuingilia mwishoni. Huku kwetu ndiko hiyo safari inakofika. Wafugaji wapo, baadhi ni watu wema tu, wanauza maziwa, samadi wanatoa bure. Lakini mwaka jana ng'ombe waliingia kwenye ufuta na kidogo watu wauane. Sasa kuna ambao wameanza kuonyeshwa maeneo na viongozi wawili watatu wa kijiji, sisi wanakijiji tunasikia tu. Je, tuna haki ya kukataa, au ardhi ikishagawiwa imegawiwa?

---

Ticha wa Ramani

Mkuu, mnayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999: Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Viongozi wawili watatu si halmashauri, na halmashauri si mkutano mkuu. Ombeni muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Kama haupo, andikeni barua kwa mkurugenzi wa wilaya, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Ila msiishie kukataa. Shinikizeni mpango wa matumizi bora ya ardhi, na ndani yake mtenge malisho yenye mipaka, njia ya mifugo na mahali pa kunywesha. Wafugaji waliopo waingie kwenye kikao hicho tangu siku ya kwanza. Mkishapanga, waulizeni hao Wasukuma wa kwenu ngitili inaendeshwaje, wazee wao wanajua.

---

Ng'wana Mbuga

Mwera, nicheki inbox. Ndugu yangu wa Kilwa ni mjumbe wa kamati ya ardhi kijijini kwao, nitakuunganisha naye.